Blanketi Iliyokuja Bila Watu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Msisome mkitembea, na msisome huku mkichungulia simu. Mimi niliacha shule darasa la tatu ili nimbebe mdogo wangu mgongoni mama akienda shambani, kwa hivyo kuandika kwangu ni kwa pole pole. Nataka kuwaeleza habari ya blanketi moja iliyoletwa kwangu hapa mahali panapoitwa Kwanza, upande wa Kitale, na pikipiki, na jinsi ilivyokaribia kumwoza mjukuu wangu kabla hajaulizwa.

Lakini sitaanza na ubaya. Mtu akikusaidia useme amekusaidia, hata kama baadaye mtakosana.

Miguu yangu imeota mifupa kando ya vidole vikubwa. Kwa miaka mingi nilivaa viatu nilivyovikata kwa kisu upande mmoja ili mfupa upate nafasi. Nilizunguka maduka ya Kitale, yale makubwa ya barabarani na yale ya ndani sokoni, na kila mahali kijana ananiletea viatu vya wanaume. Mmoja akaniambia, "Kukhu," yaani nyanya, "si uvae tu gambuti? Hiyo haichagui mguu." Wenzake wakacheka. Nikamwambia amvalishe mama yake hayo mabuti ya mpira ampeleke kanisani kwanza, kisha aje anihubirie mimi. Nilitoka hapo bila viatu.

Ni mjukuu wangu aliyenitoa kwa hiyo aibu. Huyu ni binti wa mwanangu wa kiume aliye Bungoma mjini, anafanya kazi ya kaunti huko. Msichana alipomaliza chuo alipata kazi ya kufundisha watoto wadogo hapa Kwanza, akaja kukaa na mimi. Jioni moja alinipima mguu kwa kamba ya kushonea magunia, akafinya-finya simu yake, na baada ya siku chache mtu wa pikipiki akasimama kwa geti na boksi. Viatu vilitoka kwa lile duka kubwa ambalo halina mlango wala kaunta, unaingia kwa simu. Vilinitosha kama vile fundi alikuwa amenishika mguu. Jumapili hiyo nilitembea mpaka kanisani bila kukaa kwa jiwe njiani. Hilo nimeliandika na libaki limeandikwa.

Basi watoto wangu wakaona mama amekubali.

Zamani mwanangu na mke wake walikuwa wanakuja wenyewe mwisho wa mwezi. Mke wa mwanangu alikuwa akifika tu, kabla hajakaa, anaenda jikoni anafunua sufuria zangu aone nimekula nini. Nilikuwa nakasirika. Nilimwuliza, "Wewe ulitumwa na serikali kukagua sufuria?" Yeye anacheka, anafunua ingine. Anashika mkono wangu anasema, "Mama, umekonda." Tunagombana, tunapika, wanalala, wanaenda.

Sasa sabuni inakuja kwa boksi. Mafuta ya kupika yanakuja kwa boksi. Sufuria mpya ilikuja kwa boksi lililokuwa ndani ya boksi lingine. Taa ya jua, neti ya mbu, hata ufagio, na mimi ua wangu umejaa vijiti vya kufagilia. Kisha mke wa mwanangu anapiga simu: "Mama, umepata?" Nasema nimepata. "Haya, sawa." Salamu ndiyo hiyo: umepata, nimepata. Siku moja nilisikia mtoto wao mdogo huko nyuma ya simu akiuliza, "Kukhu ni yule wa kutumiwa vitu?" Na sufuria zangu hazijafunuliwa na mtu tangu wakati huo.

Nikazoea. Pikipiki inalia, natoka, namsomea kijana ile namba ya siri iliyoingia kwa simu yangu, napewa boksi. Mbwa wangu aliacha hata kubweka.

Sasa hapa mnisikilize vizuri, maana wengine wenu mmezaliwa mjini na hamjaona. Kwetu watu wakija kuoa msichana, kuna blanketi ya kukhu yake. Msidhani ni zawadi ya kuondoa baridi tu. Wageni wanafika, wanakaa upande wao, wazee wanaongea mpaka wamalize. Kabla ya kitu chochote kuguswa, msichana anaitwa asimame katikati. Anaulizwa mbele ya wote, "Unawajua hawa? Tukule vitu vyao?" Watu wananyamaza. Kama kuna mtoto analia anatolewa nje. Msichana akisema ndiyo, senge wa kijana, yaani dada ya baba yake, anaamka na blanketi, anaikunjua, anaiweka kwa mabega ya kukhu. Wanawake wanapiga vigelegele. Kukhu akishafunikwa hivyo, amemaliza maneno. Blanketi haiwezi kutoka tena mabegani mwake.

Niliona msichana mmoja kule Tongaren, nilikozaliwa. Aliulizwa akanyamaza. Akaulizwa tena akanyamaza. Blanketi ikarudi ikiwa imekunjwa vile ilivyokuja, wageni wakanywa chai, wakaenda zao. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyelia. Kuuliza kulikuwa na kazi yake.

Ilikuwa Julai, mahindi yanatoa ndevu. Mnajua baridi yetu ya wakati huo, inateremka kutoka Mlima Elgon na ukungu unakaa shambani mpaka watu wamekunywa chai ya pili. Nilikuwa nimetoka kukamua ng'ombe. Pikipiki ikalia kwa geti. Alikuwa ni yule kijana mpole anayetokea Kitale.

"Kukhu, leo ni nzito," akasema.

"Imetoka kwa nani?"

Akageuza boksi huku na huku. "Imeandikwa tu namba yako na jina ya kampuni. Wewe ndio unajua watu wako."

"Basi ni Bungoma."

"Fungua uone kama iko sawa. Usiseme kesho ati nilikuletea imeraruka."

Tulifungua pamoja juu ya kiti cha pikipiki yake. Blanketi nzito, rangi ya maharagwe mekundu yaliyoiva kwa sufuria. Mimi nilikuwa natetemeka na yule kijana akaona. Ni mtoto aliyelelewa. Aliikunjua yote, akazunguka nyuma yangu, akaniwekea kwa mabega.

"Si unaona? Inakutosha kabisa. Wacha nikupige picha, ofisi inataka kuona mwenyewe amepokea. Cheka kidogo, Kukhu."

Nikacheka. Nani hacheki akiwekewa joto mabegani? Akafinya simu, akaenda zake. Mimi nililala ndani ya hiyo blanketi kama mtoto.

Kabla ya wiki kuisha simu yangu ikalia. Sauti ya mwanamke, tamu kama ya mtu anayeuza.

"Mama, hamjambo huko? Mimi ni senge wa kijana."

"Kijana gani?"

"Ai, Mama, wewe nawe! Kijana wetu wa Misikhu. Si tumeona picha! Blanketi imekukaa vizuri mpaka tumepiga vigelegele hapa jikoni."

Nilikaa kwa ndoo iliyokuwa imepinduliwa karibu yangu.

"Tulisema tusisumbue watu na safari mbili mbili," akaendelea. "Siku hizi si kila kitu inatumwa? Sasa mwezi ujao tunakuja na zile zingine."

"Zile zingine gani?"

"Koti ya mzee na zile zingine za mahari, Mama. Usijifanye. Kukhu akishavaa, si imeisha?"

Nikakata simu. Aliyepaswa kunifunika ni yeye, na aliyenifunika ni mwendesha pikipiki. Aliyepaswa kuulizwa alikuwa shuleni, anawafundisha watoto kuhesabu.

Msichana aliporudi jioni alinikuta mlangoni, blanketi imekunjwa juu ya kigoda.

"Hii ni ya nani?" nikamwuliza.

"Si mama alikutumia?"

"Ni ya watu wa Misikhu."

Alikaa chini hapo hapo, na nguo zake za shule. Nikamwambia aseme yote, na akasema. Kijana alikuwa anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Bungoma mjini, walijuana msichana akiwa chuoni. Alikuwa amemwambia anataka kumwoa, naye akamwomba ampe muda mpaka mwaka uishe.

"Muda wa nini?" nikauliza.

"Kukhu, kuna siku nilimkuta akimkaripia mama yake pale dukani, mbele ya wateja. Nilitaka nijue kama ilikuwa ni siku hiyo tu, ama ndivyo alivyo."

"Na namba yangu aliipata wapi?"

"Alinitumia mwavuli siku moja. Pikipiki zinakuja mchana, mimi niko darasani. Nikampa yako. Ikabaki kwa simu yake."

"Unampenda?"

"Sijui. Hiyo ndio nilikuwa natafuta kujua."

Kisha akanionyesha simu yake. Nilijiona nikiwa nimefunikwa mabega, nacheka, na meno yangu yaliyobaki yote yako nje. Duka lilikuwa limemtumia picha kijana wa Misikhu kwa sababu ndiye aliyelipa, naye alikuwa ameiweka mahali kila mtu anaona, akaandika kwamba kukhu amepokea. Chini yake watu wamejaa kumpongeza. Wenzake wa chuo walikuwa wanamwita msichana wangu bibi harusi.

"Wote wamenijibia," akasema.

Nilimpigia baba yake. Nilidhani atakasirika kama mimi. Alicheka.

"Mama, si ni jambo zuri? Kijana ana kazi. Baba yake namjua, ni mtu wa kanisa."

"Mtoto umemwuliza?"

"Wewe ndio umevaa blanketi, Mama, si mimi. Na hiyo mila ni nyinyi mlitufundisha. Sasa utairudishaje na umeilalia?"

Sikulala vizuri. Nikaamka nikaifunga blanketi kwa boksi lake, nikaenda Kitale mahali ambapo mizigo ya lile duka inachukuliwa. Ni chumba kidogo kimejaa maboksi mpaka darini. Msichana wa hapo alinipa kiti kabla sijaomba, na maji. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

"Blanketi iko na shida gani, Kukhu?"

"Haina shida. Ni nzuri. Ilikuja kabla ya wakati."

Akanitazama. "Imetumika?"

Mama mmoja nyuma yangu akaninong'onezea, "Sema hujafungua, bana. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamwambia. Kisha nikamjibu msichana: "Nimeilalia."

"Basi haiwezi kurudi. Pole. Kitu ikishatumika ni yako."

Nilikaa kwa kile kiti nikifikiri. Mila yetu inasema hivyo hivyo, iliyolaliwa hairudi. Nilikuwa nimekuja nikitumaini kwamba sheria za duka zitanitoa kwenye za kwetu, kumbe zote mbili zimenipa jibu moja. Lakini za kwetu zilikuwa zimeweka swali mbele. Hizi zingine hazijui kama kuna msichana.

Pale pale nikamwona yule mama aliyeninong'onezea akipewa mzigo wake. Ilikuwa mashine ndogo ya kumsaidia mtoto wake kupumua kifua kikibana. Alisema ameitafuta kila duka la dawa hapo Kitale akaikosa. Aliishika kifuani kwa mikono miwili, akatoka mbio mbio bila kuaga mtu. Siku hiyo nilikuwa nimeomba Mungu alichome hilo duka lote, na nikalazimika kuondoa hilo ombi.

Jumamosi nikamchukua mjukuu wangu tukaenda Bungoma. Mwanangu alikuwa amewaita kijana na senge wake nyumbani kwake, ati tuongee kama watu. Mke wa mwanangu alitufungulia mlango. Alikuwa hajaniona kwa macho tangu msimu wa kupanda. Alinishika mkono, akaufinya.

"Mama, umekonda," akasema. "Na mimi natuma mafuta kila mwezi!"

"Mafuta yanafika," nikamwambia. "Yamekaa tu kwa kabati."

Akageuka akaenda jikoni haraka, na aliporudi na chai macho yake yalikuwa mekundu.

Senge alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba kizuri. Kijana alikuwa mtanashati, ananyoosha shati lake kila mara. Mimi niliweka boksi katikati ya meza.

"Nimeleta kitu chenu," nikasema.

Senge akalisukuma kwa kidole. "Mama, wewe ni mzee wa mila. Imelaliwa hii. Kwetu haipokelewi."

"Na kwenu inatumwa kwa pikipiki?"

"Dunia imebadilika, Mama," mwanangu akaingilia.

"Imebadilika wapi? Mimi nikiamka naona jua linatoka upande wa Cherangani kama jana."

Kijana akasema kwa upole, na nadhani hakuwa anadanganya, "Kukhu, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa kwa simu tu, nikaiona, nikafikiria baridi ya Kwanza."

"Asante kwa kunifikiria. Na huyu ulimfikiria wapi?"

Akamtazama msichana, akatabasamu. "Huyu nilijua mwishowe atakubali."

Hapo nikaweka kikombe chini. "Simama," nikamwambia mjukuu wangu.

"Mama, unamwaibisha mtoto," mwanangu akasema.

"Nyamaza. Simama, mama."

Akasimama katikati ya kile chumba, kati ya televisheni na maboksi ya mama yake ambayo hayajafunguliwa. Mikono yake akaificha nyuma. Nikamwuliza kama nilivyoona wengine wakiulizwa: "Unawajua hawa? Tukule vitu vyao?"

Chai ilikuwa inapoa na hakuna aliyeigusa.

"Nawajua," akasema. "Lakini vitu vyao tusikule bado."

"Bado?" Senge akapiga makofi. "Bado ni neno gani? Bado ni ya ugali kwa moto! Na hiyo picha watu wote wameona, tutawaambia nini, kwamba kukhu alikuwa anaota jua?"

"Senge, nyamaza!" kijana akafoka. Alifoka kwa nguvu mpaka vijiko vikatingisika kwa sinia. "Si nilikwambia usipige simu? Unaharibu kila kitu!"

Yule mama akatazama mapaja yake, mtu mzima na kilemba chake, na akawa kama mtoto aliyechapwa.

Walipoondoka mwanangu alisema, "Umeona? Kijana amemtetea binti yangu."

Msichana alikuwa anakusanya vikombe. "Nimesikia, Baba," akasema. Akavipeleka jikoni.

Boksi walikuwa wameliacha juu ya meza. Kwa hivyo tukirudi nilishuka Misikhu na kumwambia mjukuu wangu aendelee na safari. Nilitaka hii blanketi itembee kwa miguu ya mtu angalau siku moja. Niliuliza njia ya kwenda nyumbani kwa kukhu wa kijana, mama mzaa baba yake. Sikuingia bomani, maana mtu haingii kwa wakwe ovyo, na sikujua kama hawa ni wakwe ama si wakwe. Nilisimama kwa geti nikabisha.

Alikuja na fimbo, mzee kuliko mimi, macho yamefunikwa na weupe.

"Ni nani?"

"Ni kukhu wa yule msichana wa Kwanza. Yule wa kwa picha."

"Picha gani? Mimi macho yangu hayana habari ya picha."

Nikamweleza. Hawakuwa wamemwambia kitu. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Blanketi imetoka kwa boma yangu na mimi sijaishika," akasema. "Na ni nani alikuwekea mabegani?"

"Kijana wa pikipiki."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumshika kiwiko. "Basi aje akuoe yeye! Mwambie alete ng'ombe!"

Nilicheka pia. Nilikuwa sijacheka tangu siku ile ya picha. Kisha nikafungua boksi pale kwa geti, nikaikunjua, nikaiweka kwa mabega yake.

"Mama, sirudishi," nikamwambia. "Ninakupa, mzee kwa mzee. Nimeilalia, nisikudanganye. Lakini mtoto bado hajasema."

Akaivuta karibu na shingo, akaipapasa. "Ni nzito," akasema. "Wakitaka kuja kwako, nitawaambia waje na mimi mbele. Na kama hawanibebi, wasije."

Mngetaka niwaambie kwamba mambo yaliisha vizuri. Hayajaisha. Kijana aliondoa picha, lakini watu walikuwa wameiona, na wamama wanaoleta watoto shuleni bado wanamwuliza msichana harusi ni lini. Kijana hajaja na hajasema hatakuja. Mwanangu hakunipigia simu kwa muda mrefu. Siku moja tukipepeta maharagwe mjukuu wangu aliniuliza, "Kukhu, kama ungelala tu na ile blanketi ukanyamaza, labda mimi ningezoea?" Mimi mwenyewe niliolewa bila kuulizwa sana, na nilizoea. Sijui kama kuzoea ni jibu la kumpa mtoto. Niliendelea kupepeta.

Na maboksi hayajaacha kuja. Mwezi uliopita pikipiki ililia tena. Ni yule yule kijana mpole, ila sasa alikaa mbali na geti.

"Kukhu, leo sikuwekei kitu mabegani," akasema. "Ile picha ilipoenea, watu walinipigia wakiniuliza kama mimi ni mtu wa kuposa!"

Boksi lilikuwa la wastani, namba yangu juu, jina la kampuni, basi. Mjukuu wangu alikuwa ametoka mlangoni kuona ni nini. Alipoliona hilo boksi bila jina la mtu, alirudi ndani, nikasikia akifunga mlango wa chumba chake kwa komeo. Nilisikia hilo komeo kuliko pikipiki. Mtoto anajificha kwa sababu ya boksi katika nyumba ya kukhu yake.

Nikamwambia kijana azime pikipiki, angoje. Nikamwita msichana atoke, nikamsimamisha karibu yangu. Nikampigia mwanangu, nikamwambia amwite mke wake na aweke sauti ya juu, wasikie wote. Akaanza kusema yuko kazini. Nikamwambia mimi pia niko kazini.

Nikawaambia hivi: "Kuanzia leo hakuna kitu kinaingia geti hii kama aliyekituma hajanipigia mimi, kwa sauti yake, akasema ni cha nini na ni cha nani. Asiyepiga, mzigo unarudi na aliyeuleta, pamoja na huu wa leo, hata kama ni dawa yangu. Na anayemtaka huyu msichana, awe wa Misikhu ama wa wapi, atakuja na watu wake, watakaa, na mtoto ataulizwa akiwa amesimama. Wewe mwanangu ndiye utakayeuliza. Na ukishauliza, ufunge mdomo mpaka ajibu."